Kompyuta Inapokataa Programu Halali: Gharama ya Neno “Ruhusu”

KIBAKWE, Mpwapwa – Mtendaji wa kijiji, mwalimu mkuu au mhudumu wa zahanati aliyepo Kibakwe hana mtaalamu wa TEHAMA katika chumba cha pili. Mtaalamu yuko makao makuu ya halmashauri, Mpwapwa mjini, na njia ya kwenda huko inapita Gulwe, eneo ambalo wasafiri wa reli na wa barabara wanalifahamu kwa mafuriko yake ya msimu wa mvua. Kwa sababu hiyo, programu ambayo mtumishi ameelekezwa kuiweka kwenye kompyuta ya ofisi humfikia kwa barua pepe, kupitia kundi la kazi la WhatsApp, au ndani ya flashi iliyobebwa na mtu anayerejea kutoka wilayani.

Anapoifungua, programu haianzi. Skrini hufunikwa na ubao wa buluu wenye maneno ya Kiingereza yanayoeleza kwamba Windows imeikinga kompyuta yake, na kitufe kinachoonekana ni kimoja tu: kutoiendesha. Akiwa na kishikwambi au simu janja, huambiwa kwamba kifaa hakiruhusiwi kusakinisha programu isiyojulikana kutoka chanzo hicho. Hupiga simu wilayani, kwa sababu taarifa inatakiwa kabla ya saa kumi. Jibu ambalo watumishi wengi wa ngazi ya chini wamelizoea ni la neno moja: ruhusu.

Mara nyingi neno hilo halileti madhara siku hiyo, kwa kuwa programu ilikuwa halali. Madhara huja baadaye. Mtu aliyefundishwa kwamba onyo la kompyuta ni kero ya kupitwa haraka atalipita vivyo hivyo siku ambayo faili haikutoka wilayani.

Suala hili lina uzito leo kuliko ilivyokuwa miaka kumi iliyopita, kwa sababu shughuli za Serikali katika ngazi ya kijiji na kata zimehamia kwenye vifaa vya kielektroniki. Usajili wa wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, ulioanza mwaka 2022, hupitia ofisi ya kijiji. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 vilikabidhiwa baadaye kwa walimu. Tangu mwaka 2024 utendaji kazi wa watumishi wa umma hupimwa kupitia mfumo wa PEPMIS, na malipo ya halmashauri hupita katika mfumo wa MUSE. Usimamizi wa Serikali Mtandao uko chini ya Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, wizara ambayo Mbunge wa Kibakwe, George Simbachawene, alikabidhiwa kuiongoza mwaka 2023.

Ni kweli kwamba mifumo mingi kati ya hiyo hufunguliwa kwa kivinjari na haihitaji kusakinishwa chochote. Lakini bado kuna vitu vinavyosakinishwa: programu ya kuendeshea printa, ya kisoma alama za vidole, ya kukusanya takwimu mahali pasipo na mtandao, na majedwali ya Excel yenye amri za kujiendesha. Hapo ndipo onyo linapojitokeza.

Jambo la kwanza la kueleweka ni kile ambacho onyo linasema na kile ambacho halisemi. Ubao wa buluu wa Windows hausemi kwamba programu ina virusi. Unasema kwamba kompyuta haimfahamu aliyeitengeneza. Mwananchi wa kijijini anaujua utaratibu huu kuliko anavyodhani. Mgeni anapoingia kijijini kufanya utafiti au kazi ya mradi, hupelekwa ofisi ya kijiji na kuulizwa barua yake ya utambulisho. Kukosa barua hakumfanyi mgeni kuwa mwizi. Kunamaanisha tu kwamba hakuna anayeweza kumdhamini mpaka ithibitishwe alikotoka.

Barua hiyo, kwa upande wa programu, ni sahihi ya kidijitali. Mtengenezaji hupata cheti kutoka taasisi inayotambulika kimataifa, taasisi hiyo ikishajiridhisha kwamba yeye ndiye anayejitaja, kisha huiwekea programu yake muhuri ambao hauwezi kuhamishiwa faili nyingine. Faili ikibadilishwa hata herufi moja, muhuri huvunjika. Ndiyo maana dirisha la Windows linaloomba ruhusa ya kufanya mabadiliko kwenye kompyuta huwa na rangi ya buluu pale mwenye programu anapothibitika, na rangi ya manjano pale asipojulikana. Kwenye ubao mkubwa wa kwanza, mstari mdogo wa maelezo zaidi ukibonyezwa, hujitokeza jina la programu na jina la mtoaji wake. Wengi hubonyeza mstari huo ili tu kukifikia kitufe cha kuendelea, na jina lililopo juu yake hawalisomi.

Hata programu yenye muhuri inaweza kusimamishwa. Microsoft na Google hupima pia mazoea: ni watu wangapi duniani wamekwisha kuipakua faili hiyo bila tatizo. Kipimo hiki kina haki yake, lakini kinaziumiza programu za matumizi madogo. Programu iliyotengenezwa Dodoma kwa ajili ya maofisa mia chache wa kata haitafikia idadi ya mchezo unaopakuliwa na mamilioni, na toleo jipya huweza kuanza upya kama mgeni. Onyo linaloonekana Kibakwe, basi, kwa sehemu ni matokeo ya uchache wa watumiaji wala si dosari ya programu.

Lipo jambo jingine linalowachanganya watumishi. Faili ileile ikifika kwa barua pepe huzuiwa, ikiletwa kwa flashi hufunguka. Wengi wamehitimisha kwamba flashi ni salama zaidi. Ukweli ni kinyume. Faili inapopakuliwa kutoka intaneti, Windows huibandika alama isiyoonekana inayoeleza kwamba imetoka nje, na alama hiyo ndiyo huamsha onyo. Flashi nyingi hutumia mpangilio wa uhifadhi usioweza kubeba alama hiyo, hivyo faili ikipitia humo hupoteza kumbukumbu ya ilikotoka. Kompyuta hukaa kimya kwa kuwa haina habari. Na flashi iliyopita katika mashine za duka la vifaa vya ofisi, ambako watu kumi wamechapisha barua zao asubuhi hiyo, ni mojawapo ya njia za zamani kabisa za kusambaza virusi.

Alama hiyohiyo ndiyo chanzo cha usumbufu wa majedwali. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia amri za kujiendesha ndani ya faili za Word na Excel zilizotoka intaneti, baada ya miaka mingi ya wahalifu kuzitumia kuingiza programu hasidi. Jedwali la bajeti lililokuwa likijikokotoa lenyewe lilianza kufunguka likiwa na mstari mwekundu juu na hesabu zimelala. Mtumishi aliyethibitisha kwamba jedwali limetoka ofisi husika anaweza kufungua sifa za faili hiyo na kuondoa kizuizi kwa faili hiyo moja. Akishauriwa kulegeza ulinzi wa Excel yote, atakuwa ameziruhusu pia faili zote zitakazokuja mwezi ujao.

Mfano wa saa unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwani ni wa kawaida na tiba yake haigharimu chochote kikubwa. Kompyuta za mezani huhifadhi tarehe kwa betri ndogo ya mviringo iliyo ndani. Betri hiyo ikichoka, kila umeme unapokatika mashine husahau siku na kurudi miaka mingi nyuma. Mtumishi anawasha, anafungua tovuti ya Serikali aliyoitumia jana, na kivinjari kinamwambia kwamba muunganisho si wa faragha na huenda kuna mtu anajaribu kuiba taarifa zake. Hakuna mwizi. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoamini kwamba leo ni mwaka 2010 huona kila cheti kuwa bado hakijaanza kutumika. Hapo dawa ni kurekebisha tarehe na kubadilisha betri. Akiambiwa “ruhusu”, atajifunza kupita onyo kubwa kuliko yote yanayomlinda anapoandika nywila yake, na siku moja ukurasa bandia ukiiga mfumo wa mishahara atauingia bila kusita.

Uchovu huu wa maonyo si wa Kibakwe peke yake. Windows Vista ilipoingia sokoni mwaka 2007 iliuliza ruhusa kwa karibu kila jambo, na watumiaji duniani wakaanza kubonyeza ndiyo bila kusoma au kuzima kabisa uulizaji huo. Microsoft ililazimika kupunguza maswali katika Windows 7 iliyofuata mwaka 2009. Somo lilikuwa kwamba mlinzi anayepiga kelele kwa kila mpita njia huishia kutosikilizwa. Kwa hapa nchini kuna chanzo cha ziada ambacho hakisemwi sana: programu za wizi. Anayeweka nakala isiyo na leseni huelekezwa kwanza azime kinga ya virusi, kisha aendelee. Kijana aliyejifunzia kompyuta kwa namna hiyo huingia ofisini akiamini kwamba kuzima kinga ni hatua ya kawaida ya usakinishaji.

Wahalifu wanaujua udhaifu huo. Watanzania wameuzoea ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”, nao wengi sasa huupuuza au kuutuma kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli huo. Utapeli wa sasa hauombi pesa moja kwa moja. Huomba usakinishe programu. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa kwa umma orodha ya majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zikitoa mikopo kidijitali bila leseni, kufuatia malalamiko ya wananchi. Waliokopa walijua uchungu wake: programu ilipoomba kusoma orodha ya majina kwenye simu, mkopaji aliruhusu, na siku alipochelewa kulipa, ndugu, mkwe na mwajiri wakapokea ujumbe wa kumdhalilisha. Hakuna aliyevunja kufuli. Mlango ulifunguliwa na mwenye simu.

Kwa sababu hiyo wenye mifumo wanaongeza ukali. Mwaka 2024 Google ilianza nchini Singapore majaribio ya kuzuia moja kwa moja programu zinazotoka kwenye kivinjari au jumbe na kuomba mamlaka nyeti, kama vile kusoma jumbe fupi, na baadaye ikayapeleka katika nchi nyingine, Kenya ikiwa miongoni mwao. Jumbe fupi ndizo hubeba namba za siri za mara moja za benki na za miamala ya simu. Anayezisoma hahitaji kukuuliza kitu.

Katika mazingira haya, mtumishi au mwananchi mwenye programu anayoiamini afanye nini inapozuiwa? Jibu la kwamba aiache tu halitoshi, kwa sababu kazi ya umma haiwezi kusimama. Lakini imani haina budi kujengwa nje ya ujumbe ulioileta faili. Anayepokea programu kupitia kundi la WhatsApp ampigie ofisa TEHAMA wa halmashauri kwa namba anayoifahamu tangu awali, si kwa namba iliyoandikwa chini ya ujumbe. Swali lisiwe “niruhusu?” bali “mmetuma faili gani, inaitwaje, ina ukubwa gani, na jina la mtoaji linalopaswa kuonekana ni lipi?” Ofisa aliyeituma kweli atajibu kwa dakika moja. Inapowezekana, faili ipakuliwe upya kutoka tovuti ya taasisi inayoishia na go.tz, ama kutoka duka rasmi la programu za simu, na nakala iliyozunguka kwenye makundi ifutwe.

Baada ya kuthibitisha, ruhusa itolewe kwa programu hiyo moja, kisha mlango urudishwe. Tangu toleo la 8 la Android, la mwaka 2017, ruhusa ya kusakinisha kutoka nje ya duka hutolewa kwa chanzo kimoja kimoja: kivinjari kinaweza kuruhusiwa huku WhatsApp ikibaki imezuiwa. Ruhusa hiyo haijifuti yenyewe. Walio wengi huifungua siku moja na kuiacha hivyo kwa miaka, na huenda hata msomaji wa makala haya akiikagua simu yake sasa ataikuta iko wazi.

Ipo aina moja ya ujumbe ambayo haipaswi kupitwa kwa simu ya mtu yeyote, hata wa wilayani. Ni ule unaosema kwamba programu hasidi imegunduliwa, ukiitaja kwa jina. Huo si wa mgeni asiye na barua. Ni wa mgeni aliyefananishwa na mtu anayetafutwa. Kinga za virusi hukosea wakati mwingine, lakini wa kuthibitisha kosa hilo ni mtengenezaji, kwa kuiwasilisha faili kwa kampuni yenye kinga ili ichunguzwe. Mhudumu wa zahanati hana nyenzo za kuamua hilo, na kumtaka azime kinga ili kazi iende ni kumtwika mzigo usio wake. Kompyuta ya zahanati ina majina na magonjwa ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaitaka taasisi inayokusanya taarifa hizo izilinde.

Hapa ndipo sehemu kubwa ya wajibu inapohamia kwa taasisi zinazosambaza programu. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, jukumu la kusimamia viwango vya mifumo katika taasisi za umma. Programu inayotumwa kwa watumishi bila sahihi ya kidijitali huwalazimisha mamia ya watu kuvunja tahadhari kwa pamoja, na kila mmoja wao hupata somo lilelile baya. Cheti cha kusaini programu hulipiwa, na tangu Juni 2023 kanuni za kimataifa zinataka ufunguo wake uhifadhiwe ndani ya kifaa maalumu ili usiibwe. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya mfumo wenyewe, lakini ni rahisi kusahaulika wakati wa kuandaa bajeti kwa sababu programu hufanya kazi bila muhuri pia, almradi watumiaji wakubali kubonyeza “ruhusu”.

Tangazo nalo lina uzito wake. Barua inayoelekeza watumishi kusakinisha programu ingefaa ieleze kwa Kiswahili, kabla ya onyo kutokea, ni ujumbe gani utaonekana, jina gani la mtoaji litasomeka, programu itaomba mamlaka gani na kwa nini. Simu za Android zinaweza kuwekwa katika Kiswahili na maonyo yake yakasomeka. Kompyuta nyingi za ofisi bado huonya kwa Kiingereza, na onyo lisiloeleweka humfikia mtumiaji kama kizuizi tu. Picha mbili za skrini zenye maelezo zingepunguza simu nyingi zinazopigwa kutoka kata za mbali.

Muda wa kujipanga si mrefu. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na kompyuta zilizobaki na mfumo huo bila mpango wa nyongeza hazipokei tena marekebisho ya usalama, jambo linaloongeza hatari ya kila “ruhusu” inayobonyezwa juu yake. Kwa upande wa simu, Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba programu zinazosakinishwa kwenye vifaa vya Android vilivyoidhinishwa, hata zile za nje ya duka lake, zitatakiwa kutoka kwa watengenezaji waliothibitisha utambulisho wao. Utaratibu huo umepangwa kuanza Septemba 2026 katika nchi za Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, na kuenea duniani kuanzia mwaka 2027. Taasisi ambayo bado inasambaza programu yake kwa faili la WhatsApp bila kujisajili ina muda huo wa kujitambulisha. Ukipita, kishikwambi cha mwalimu wa Kibakwe hakitakuwa na kitufe rahisi cha kuruhusu ambacho ofisa wa wilayani anaweza kumwelekeza kwa simu.